Kabla Hamjanunua Gari



Watu wa ndoa wanapotaka kununua shamba, jambo hilo hujulikana na nyumba nzima. Wazee huitwa, mipaka hutembelewa, bibi huulizwa, na hata watoto wakubwa husikia habari. Gari si hivyo. Katika nyumba nyingi gari hununuliwa na mtu mmoja. Bwana huzungumza na rafiki zake, huenda Thika au Nairobi, na jioni bibi husikia honi langoni. Majirani hushangilia, watoto hurukaruka, naye bibi hutabasamu. Lakini moyoni anajiuliza: fedha hizi zimetoka wapi, na karo ya muhula ujao itatoka wapi?

Wakati mwingine mambo huwa kinyume. Bibi mwenye biashara hulipa arabuni ya gari kimyakimya, kwa kuwa anajua bwana atakataa. Makosa ni yale yale.

Katika somo hili tutazungumza juu ya gari dogo lililotumika, lile linalopendwa sana siku hizi na watu wa kipato cha kawaida: Toyota Vitz, Toyota Passo, Mazda Demio, Nissan March na mengine ya jamii hiyo. Tutachukua mfano wa mji wa Matuu, katika kaunti ya Machakos, kwenye barabara kuu ya Thika kwenda Garissa. Wasomaji wa Mwingi, Kitui, Embu au Morogoro watabadilisha majina na bei, lakini hesabu itabaki ile ile.

Tunalotaka kusema ni hili: gari halinunuliwi siku unapolipa muuzaji. Linanunuliwa kila mwezi, kwa miaka yote mtakayokuwa nalo. Kwa hiyo ni lazima wanunuzi wawe wawili tangu mwanzo.

1. Gari la kazi gani?

Swali la kwanza si “Tununue gari gani?” bali “Tunataka gari lifanye kazi gani?” Kila mmoja achukue karatasi yake na kuandika peke yake safari zote za mwezi mmoja: nani anakwenda wapi, mara ngapi, na mzigo gani. Halafu mlinganishe karatasi hizo. Msishangae zikitofautiana. Bwana huenda ameandika kazini na mazishini. Bibi ameandika zahanati, sokoni, shuleni kwa watoto na kwa mama yake mgonjwa. Karatasi hizo mbili zikiwa mezani, mazungumzo yameanza vizuri.

Magari haya madogo yalitengenezwa kwa ajili ya miji. Vitz lilianza kuuzwa Japani mwaka 1999 na Passo mwaka 2004, kwa watu wanaopita mitaa myembamba yenye lami na kuegesha mahali padogo. Ndiyo maana yanakunywa petroli kidogo. Lakini tumbo la gari la namna hiyo liko karibu sana na ardhi, kama sentimita 14 au 15 tu. Kutoka Matuu mpaka Thika, au mpaka Nairobi umbali wa kilomita kama 100, barabara ni ya lami na gari dogo litakwenda bila shida. Mara tu unapoacha lami na kushika njia za vijijini Yatta au Masinga, mambo hubadilika. Mawe hugonga chini, makorongo ya mvua hukwamisha, na shoki, bushi na boljointi huisha mapema.

Tusiseme kwamba gari dogo halifai Matuu. Linawafaa wengi. Lakini yule ambaye shule yake au shamba lake liko mbali na lami ajue kwamba atalipa tofauti hiyo kwa fundi. Pengine gari lenye kimo zaidi, hata kama ni la zamani kidogo, lingemfaa kuliko hilo. Vilevile mwenye kusafirisha maembe, ndengu au mboga za kando ya mfereji wa Yatta apime mizigo yake kwanza. Gunia moja au mawili yatakaa nyuma viti vikikunjwa. Magunia kumi ni kazi ya gari jingine, na huenda kukodi pikapu mara mbili kwa msimu ni nafuu zaidi.

2. Hesabu ya mwezi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hebu tufungue daftari.

Tuchukue mfano wa bwana na bibi wa Matuu. Bwana ni mwalimu katika shule iliyo kilomita 15 kutoka mjini. Bibi anauza nguo za mitumba sokoni, na huenda Gikomba mara mbili kwa mwezi kununua mzigo. Wana akiba ya shilingi 250,000. Wameona Vitz la shilingi 650,000, na bwana anaweza kukopa shilingi 400,000 katika sacco ya walimu. Anamwambia mkewe: “Mama watoto, tumefika. Fedha zipo.”

Je, zipo kweli? Tuhesabu.

Mkopo. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Shilingi 400,000 kwa miezi 36 ni malipo ya kama shilingi 13,300 kila mwezi.

Petroli. Kwenda na kurudi shuleni siku 22 ni kilomita 660. Safari mbili za Nairobi ni kilomita 400. Safari ndogo za mjini, kanisani na kwa jamaa tuseme kilomita 100. Jumla ni kilomita 1,160. Muuzaji atawaambia gari linakwenda kilomita 20 kwa lita moja. Kwa njia ya vumbi na foleni za Nairobi, nyinyi hesabuni 14. Hiyo ni lita 83. Kwa bei ya shilingi 180 kwa lita ni kama shilingi 15,000. Nchini Kenya bei ya petroli hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, basi wekeni bei ya mwezi wenu mahali pa hiyo yetu.

Bima. Bima ya gari zima tuseme ni shilingi 36,000 kwa mwaka, yaani 3,000 kwa mwezi.

Kubadilisha oili na chujio kila baada ya kilomita 5,000: wekeni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Tairi, betri, breki na matengenezo yasiyotazamiwa: shilingi 4,000 kwa mwezi. Mwezi mwingine hamtatumia hata senti, na mwezi mwingine mtatumia 25,000 kwa siku moja.

Jumla yake ni shilingi 37,300 kila mwezi.

Sasa andikeni upande wa pili gharama ya usafiri mnayolipa leo bila gari. Bodaboda ya mwalimu, shilingi 300 kwa siku, ni 6,600. Matatu ya bibi na nauli ya mzigo kutoka Gikomba, 4,000 kwa safari mbili. Safari nyingine, 2,400. Jumla ni shilingi 13,000.

Tofauti ni shilingi 24,300 kila mwezi. Hapo ndipo penye swali la ndoa. Fedha hizo zitatoka wapi? Zitatoka katika karo? Katika chakula? Katika faida ya duka la bibi, ambaye pengine hakuulizwa? Au gari litaleta faida mpya, kwa mfano bibi kuleta mzigo mara tatu badala ya mara mbili? Kama jibu ni “Mungu atajalia,” bado hamjafanya hesabu.

Wakulima waongeze jambo moja. Mvua ya Ukambani haina mkataba na mtu, na maembe yana msimu wake. Deni la gari halina msimu. Linadai mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa. Malipo ya kila mwezi yapangwe juu ya pato la kila mwezi, na fedha za mavuno ziwe za kupunguza deni kwa mkupuo.

3. Jaribio la miezi kumi

Kuna njia rahisi ya kujua kama nyumba yenu inaweza kubeba gari. Jifanyeni kwamba mmekwisha kulinunua. Kila mwisho wa mwezi wekeni ile tofauti, shilingi 24,300, katika akaunti ambayo haiguswi bila nyote wawili kukubaliana. Endeleeni kupanda matatu na bodaboda kama kawaida. Fanyeni hivyo kwa miezi 10.

Mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, mwezi wa tatu mtashindwa. Karo itakuja, mtoto ataugua, na akiba haitawekwa. Msikasirikiane. Mmejifunza bila kupoteza kitu kwamba gari lingewashinda, nanyi hamna deni wala gari lililokamatwa.

La pili, mtaweza. Basi baada ya miezi 10 mtakuwa na shilingi 243,000 zaidi. Hamtahitaji kukopa 400,000, bali 157,000 tu. Malipo ya mwezi yatashuka kutoka 13,300 mpaka kama 5,200. Riba yote mtakayolipa kwa miaka mitatu itakuwa kama 31,000 badala ya 78,000. Shilingi 47,000 zimebaki nyumbani kwa sababu ya subira tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini faida kubwa kuliko zote si fedha. Ni kwamba kwa miezi 10 mume na mke wamekuwa wakikaa pamoja kila mwisho wa mwezi na daftari moja. Waliokwisha kuzoea jambo hilo hawatagombana kwa sababu ya tairi.

4. Mkopo mwema na mkopo mbaya

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka makato yote ya mshahara yasizidi theluthi mbili. Theluthi moja ibaki mkononi. Sheria hiyo humlinda mfanyakazi, lakini hailindi familia. Theluthi moja ya mshahara ikibaki, na gari likataka petroli kutoka humo humo, watoto watakula nini? Katika nyumba zenu jiwekeeni mpaka mwembamba zaidi kuliko ule wa serikali.

Jihadharini sana na mikopo ya haraka inayotolewa kwa dhamana ya logibuku. Wengine hutoza asilimia 3 au zaidi kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo. Kwa shilingi 400,000 hiyo ni shilingi 12,000 za riba peke yake, kabla deni lenyewe halijapungua hata shilingi moja. Ukikosa miezi miwili au mitatu, gari huchukuliwa na kupigwa mnada, na pengine bado utadaiwa. Mume au mke anayechukua mkopo wa namna hiyo kwa siri ameweka rehani amani ya nyumba pamoja na gari.

Tena msiuze shamba ili kununua gari bila kufikiri mara saba. Shamba hubaki na mara nyingi hupanda bei. Gari hushuka bei kila mwaka.

5. Kulitazama gari lenyewe

Usione vyaelea, vimeundwa. Rangi inayong’aa ni kazi ya siku mbili. Mkaenda kulitazama gari, nendeni wawili pamoja na fundi mnayemlipa ninyi, asiye rafiki wa muuzaji. Ujira wake wa siku moja ni mdogo kuliko injini. Nendeni mchana, pasipo mvua, na mkute injini ikiwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hamjafika huenda inaficha jambo.

Gari likiwashwa tazameni moshi. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha, hata injini ikipata moto, huenda ni maji yanayoingia ndani ya injini. Fungueni kifuniko cha oili. Mkiona utando kama maziwa, muageni muuzaji kwa adabu. Matuu ni mahali pa joto, kwa hiyo rejeta, feni na mipira ya maji vikaguliwe kwa makini. Liacheni gari likinguruma kwa nusu saa huku mkitazama mshale wa joto.

Gia za magari mengi ya siku hizi ni za kujibadilisha zenyewe, na nyingine ni za aina ya CVT, ambazo hutaka oili yake maalumu. Wengi wameharibu gia boksi kwa kutia oili yoyote iliyo dukani. Mkiendesha, gari lisishtuke wala kusita linapoondoka. Lipitisheni penye matuta na njia mbovu, msikilize milio ya chini. Mkononi kushikeni usukani kidogo tu penye lami iliyonyooka. Gari likivuta upande mmoja, huenda limewahi kupata ajali.

Msiamini sana kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, kwa maana zinaweza kurudishwa nyuma. Tazameni usukani, pedeli na kiti cha dereva. Gari lililosema kilomita 60,000 huku mpira wa pedeli umelika mpaka chuma, linasema uongo. Kama gari limefika karibuni kutoka Japani, ombeni cheti cha ukaguzi na karatasi ya mnada wa huko. Daraja la R au RA katika karatasi hiyo maana yake ni kwamba gari lilitengenezwa baada ya kuharibika. Si lazima mlikatae, lakini bei ishuke.

Jambo jingine linalowadanganya wengi ni herufi za namba. Magari ya KDA yalianza kusajiliwa mwaka 2020, na wauzaji huyaita mapya. Lakini herufi huonyesha mwaka gari liliposajiliwa Kenya, si mwaka lilipotengenezwa. Kenya huruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo gari la KDA laweza kuwa lilitengenezwa mwaka 2013. Ulizeni mwaka wa kutengenezwa, na mlipe kwa umri huo.

6. Karatasi kabla ya fedha

Haraka haraka haina baraka. Msitume arabuni kwa gari ambalo hamjaliona kwa macho, hata picha ikiwa nzuri namna gani, na hata mkiambiwa kuna mnunuzi mwingine njiani. Magari hayajaisha duniani.

Kwanza, fanyeni upekuzi wa gari katika mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, kupitia eCitizen. Gharama yake ni shilingi 550. Mtaona jina la mwenye gari na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Likiwepo jina la mkopeshaji, deni lilipwe na jina liondolewe kwanza. Pia tangu Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana ya mali inayohamishika, mikopo ya namna hii huandikwa katika daftari la serikali ambalo mtu anaweza kulipekua. Lipekueni.

Pili, linganisheni namba ya chesesi na ya injini zilizo kwenye gari na zile za logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Tatu, anayeuza awe ndiye mwenye jina. Akisema ni gari la shemeji yake aliye ng’ambo, mngojeeni shemeji huyo.

Nne, andikeni mkataba wa mauzo wenye majina, namba za vitambulisho, bei, tarehe na hata saa ya kukabidhiana, na mashahidi wa pande zote mbili. Mke awe shahidi au mnunuzi, si mtu wa kungoja nje. Lipeni kupitia benki ili kuwe na alama. Tano, muuzaji aanzishe kuhamisha jina siku hiyo hiyo mkiwa mmeketi pamoja. Sheria ya Usafiri Barabarani hairuhusu gari kutumika zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mwenye gari mpya kusajiliwa. Wako wanaokaa miaka miwili na gari lenye jina la mtu mwingine. Siku mtu huyo akifa au akidaiwa mahakamani, wao ndio watakaohangaika.

7. Jina la nani, ufunguo wa nani?

Gari linaweza kuandikwa kwa majina ya watu wawili. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 nchini Kenya inasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa kwa majina yote mawili, huchukuliwa kuwa haki zao ni sawa. Ikiwa kwa jina la mmoja, huchukuliwa kwanza kwamba ameishika kwa ajili ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vingine. Sheria hiyo yahesabu kuwa mchango si fedha tu, bali pia kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kugawana nusu kwa nusu hakuji kwenyewe. Mchango lazima uonyeshwe. Hatusemi haya ili mjiandae kuachana. Tunasema ili siku mmoja akitangulia mbele ya haki, aliyebaki asizungushwe na ndugu juu ya gari alilolilipia kwa jasho lake.

Zungumzeni pia juu ya ufunguo. Je, bibi atajifunza kuendesha? Kama bwana peke yake ndiye dereva, basi mtoto akishikwa na homa usiku naye bwana yuko safarini, gari litakaa uani huku mke akitafuta bodaboda. Karo ya shule ya udereva iingizwe katika bajeti ya gari tangu mwanzo.

Halafu kuna jamaa na majirani. Gari likifika kijijini, linakuwa gari la wote. Mjomba ana posa, wifi ana mgonjwa, jirani ana mazishi. Kusaidia ni wema, nasi hatuwafundishi ugumu wa moyo. Lakini mkubaliane mapema: mgonjwa wa usiku hubebwa bila swali, safari ya sherehe, mwenye safari hutia petroli, na gari haliazimwi kwa mtu asiye na leseni, maana akipata ajali kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa. Jibu liwe moja kwa jamaa wa pande zote mbili. Ndugu za bwana wakipewa na ndugu za bibi wakinyimwa, gari limekwisha kuleta ugomvi.

Mwisho, kuna kishawishi cha njiani. Dereva anayekwenda Thika peke yake huona abiria wamesimama kituoni, akafikiri, “Nibebe watatu, nirudishe petroli.” Bima ya gari la binafsi haigharamii abiria wa kulipa. Siku ajali ikitokea, shilingi 900 za nauli zaweza kuiuza nyumba. Kama mnataka gari la biashara, lisajilini na kulikatia bima ya biashara.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Ketini wawili jioni moja, watoto wakiisha kulala, mjibu kwa maandishi.

1. Safari zetu za mwezi ni zipi, na ni ngapi kati yake ziko mbali na lami?

2. Usafiri unatugharimu kiasi gani leo? Gari litatugharimu kiasi gani? Tofauti itatoka katika fungu gani?

3. Je, tuko tayari kuweka tofauti hiyo kwa miezi 10 kabla ya kununua?

4. Je, kuna deni lolote ambalo mmoja wetu hajamwambia mwenzake? Lisemwe leo, kabla ya deni jipya.

5. Logibuku itakuwa na jina la nani? Nani ataendesha? Nani ataweka daftari la gari?

6. Ndugu wakiomba gari, jibu letu ni nini?

Mkiweza kujibu maswali haya sita bila kupandishiana sauti, nendeni mkatafute fundi. Mkishindwa, muuzaji hana gari la kuwafaa kwa sasa, hata likiwa la bei nafuu.